Karata Zinataka Mikono Miwili

Mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Muscat alikuwa na kile kimashine cha michezo cha Nintendo cha kukunja, 3DS, kimechubuka pembeni, pamoja na kadi sita zilizokuja ndani ya boksi lake. Si kitu kipya, kilitoka 2011 na wenzake wameshakisahau. Alasiri ile tulikuwa barazani, ami na wenzake watatu wanacheza karata, jamvi limetandikwa, kahawa inazunguka. Kijana akaomba ruhusa, akaweka katikati ya jamvi kadi yenye alama ya kuuliza, akaielekezea kamera. Kwenye kioo jamvi likaanza kuchezacheza kama maji, vikachomoza vibao vya kulengea shabaha, na mwisho joka likatoa shingo palepale ilipokuwa ree ya kopa muda si mrefu.

Wazee wakajazana nyuma ya bega lake. Mmoja hakuweza kujizuia, akanyoosha kidole aliguse. Kidole kikafunika pembe ya kadi, joka likatoweka, naye akarudisha mkono kama aliyegusa jiko. Ami alitazama kwa muda wake, akasema: "Zuri, mashallah. Haya liondoe, zamu yangu."

Hilo "liondoe" limenikaa kichwani. Kila baada ya muda hutokea kampuni inayotangaza kwamba sasa ndiyo imepata njia ya kuzitia uhai karata kwa kamera, na kila mara naona watu wanashangilia joka. Kiswahili cha vitabuni kinauita ufundi huu uhalisia ulioboreshwa. Jina silipendi sana, maana sijui nani aliyewaambia kwamba uhalisia wa barazani kwetu ulikuwa na kasoro, ila ndilo lililopo.

Kilichoua joka ni kitu kidogo. Kompyuta haioni kadi kama tunavyoiona. Inatafuta umbo inalolijua, kwa mfano mraba mweusi, na kutokana na pembe zake nne inapiga hesabu kadi iko umbali gani na imeinamia upande gani, ndipo ichore kitu juu yake. Mwaka 1999 Hirokazu Kato wa Japani, akishirikiana na Mark Billinghurst katika Chuo Kikuu cha Washington, alitengeneza programu iitwayo ARToolKit iliyoweza kufanya hivyo kwa kamera ya kawaida, na wengi waliokuja baadaye walijifunzia hapo. Siku hizi simu haihitaji mraba mweusi, inaweza kutambua picha yoyote uliyoifundisha, lakini bado inataka kuiona picha yenyewe.

Sasa mfikirie mcheza karata wa kwetu. Karata haiwekwi, inapigwa. Inatua juu ya mwenzake, imekaa upande, nusu imefunikwa, na taa inang'aa juu ya plastiki yake. Mkono wa kushoto umeshika karata zimetandazwa kama upepeo wa ukindu, wa kulia ndio wa kuchomoa na kupiga. Simu itashikwa na nani?

Kinachonishangaza ni kwamba ufundi huu ulibuniwa kwa ajili ya mikono. Jina lake la Kiingereza, augmented reality, linatokana na Tom Caudell, mtu wa kampuni ya ndege ya Boeing, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mafundi walikuwa wakipanga mafungu ya nyaya za ndege juu ya mbao kubwa, na kila fundi akitaka kujua waya unaofuata unapita wapi, lazima aache kazi atazame mchoro. Caudell na mwenzake David Mizell wakafikiri: tumvishe kifaa machoni, mchoro umjie palepale anapofanyia kazi, mikono ibaki kwenye nyaya. Miaka zaidi ya thelathini baadaye tunamwambia mcheza karata aweke karata zake chini ili ashike simu.

Sony walijaribu kulikwepa hilo mwaka 2007, na mchezo wa kadi uitwao The Eye of Judgment, wa mashine yao ya PlayStation 3. Kamera ilisimama juu ya kiguu chake ikitazama chini, kwenye kitambaa chenye miraba tisa, mitatu kwa mitatu. Ukiweka kadi, kiumbe wake anasimama juu ya mraba ndani ya televisheni, na anayetangulia kushika miraba mitano ndiye mshindi. Mikono ikasalimika. Niliucheza mara mbili kwa rafiki yangu mmoja, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilipiga kelele kama mtoto. Mara ya pili nikagundua kwamba tumekaa magoti yanagusana na hatujatazamana hata mara moja, sote shingo zimeelekea ukutani. Kadi ziko hapa, mchezo uko kule. Na vile viumbe kila vikipigana ni lazima usubiri vimalize.

Mwaka 2010 mitambo ya kuuchezea mtandaoni ikazimwa. Karata za ami zimekunjika pembe, jeki wa shupaza amepasuka akaungwa kwa gundi na sasa kila mtu anamjua hata akiwa kifudifudi, lakini hakuna ofisi duniani inayoweza kuzizima.

Miwani ndiyo jibu la wengi siku hizi. Anayenivutia zaidi ni Jeri Ellsworth, fundi wa umeme wa Marekani, ambaye hakukata tamaa hata kidogo. Mradi wake wa kwanza, castAR, ulichangiwa na watu mtandaoni mwaka 2013 zaidi ya dola milioni moja, na 2017 kampuni ikafungwa. Akarudi 2019 na Tilt Five, akachangiwa zaidi ya dola milioni 1.7. Werevu wake uko kwenye ubao. Miwani ina projekta ndogo zinazotupa picha juu ya ubao maalumu, na ubao unaurudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo unachokiona wewe mimi sikioni. Kwa mcheza karata hilo si jambo dogo. Meza moja, kila mtu na siri yake, mikono mitupu.

Ila barazani kwetu karata za watu wanne huchezwa wawili kwa wawili, na anayekaa mbele yako ndiye mwenzako. Ami anaujua mkono wa mwenzake kwa jinsi anavyomeza kahawa. Nyusi ikipanda kidogo, kuna ree. Akikohoa, hana kitu, au anataka wale wengine wadhani hana kitu. Ni wizi, kila mtu anajua ni wizi, na ndio nusu ya mchezo. Uwavishe wazee hawa miwani myeusi usoni, umewanyang'anya macho yao ukawapa mazimwi.

Sisemi haya kwa kukaa pembeni. Nina ujuzi kidogo wa kompyuta, na baada ya mpwa wangu kuondoka niliamua kujaribu kitu changu. Nilifunga simu kuukuu kwenye boriti ya baraza, imetazama jamvi kutoka juu, nikaifundisha karata zote 52. Kazi ya kwanza ilikuwa kufuta majina ya Kiingereza niandike yetu: shupaza, kopa, uru, pau. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba hata haya hatukuzaliwa nayo, ni Kireno chote, na turufu nayo, na neno karata lenyewe. Kuna siku, karne nyingi nyuma, makaratasi haya yalikuwa kioja kilichoshuka na jahazi la wageni, na bila shaka kulikuwa na mzee mmoja Unguja au Mombasa aliyesema yaondolewe, zamu yake.

Basi simu ikafanya kazi kuliko nilivyotarajia, mradi taa isiwe juu yake moja kwa moja na ami asipige kwa hasira. Nilikuwa na kishkwambi pembeni kinachoonyesha karata zilizokwisha pita. Nikajisifu. Raundi ya pili ami akakigeuza kifudifudi.

"Hii hesabu ninaifanya kichwani tangu hujazaliwa," akaniambia. "Wewe unawagawia bure?"

Alikuwa na haki. Kukumbuka zilizopita ndiko kunakomtenga mchezaji na mpiga karata chini. Nilikuwa nimechukua kazi ambayo hakuna aliyelalamika kwamba inamchosha.

Halafu ukatokea ugomvi. Mzee mmoja alitupa uru wakati kopa inatembea, na raundi tatu baadaye akatoa kopa. Kelele zikapanda, huyu anaapa hakuwa nayo, yule anaapa aliiona. Mimi, mpumbavu, nikasema picha zote zimo ndani ya simu, tungoje niangalie. Kimya kikaingia ambacho sikukipenda. Si kwamba waliogopa ukweli. Ugomvi ule ungekwenda mpaka Maghrib, ungezaa kesi nyingine ya mwaka juzi, ungeishia kwa mtu kununua kahawa ya wote. Mimi nilitaka kuumaliza kwa sekunde nne. Nikafungua kamba, nikaishusha simu.

Kazi ipo hata hivyo, ila si hiyo. Nitataja mbili.

Ya kwanza ni lugha. Wapo vijana, mjini na bara, wanaocheza zile karata za kukusanya, kama Magic: The Gathering aliyoibuni Richard Garfield mwaka 1993. Kila kadi ina aya nzima ya masharti, na kadi hizi zimewahi kuchapishwa kwa Kijapani, Kireno, Kirusi na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Kijana anayesoma Kiingereza kwa kubahatisha anacheza na sheria za aliyesoma zaidi yake. Hapa kamera ingekuwa na faida kweli: ielekeze kadi, Kiswahili kikae juu ya maandishi palepale. Tangu 2010 kulikuwa na programu ya Word Lens iliyofanya hivyo kati ya Kiingereza na Kihispania, kwa simu za wakati huo. Nilijaribu kwa programu moja niliyo nayo. Kadi ilimtaka mchezaji avute karata, tafsiri ikamwambia achore karata, kwani kwa Kiingereza kuvuta karata na kuchora picha ni neno moja. Nyingine ilimtaka alaze kiumbe wake ubavu, ikaandika "bomba kiumbe", kwani neno lake la Kiingereza, tap, ni bomba la maji pia. Kwa hiyo mashine peke yake haitoshi, anatakiwa mtu anayecheza akae aandike Kiswahili cha mchezo, kadi kwa kadi. Kama kuna mwenye fedha anayetafuta pa kuzitia, joka tunalo tayari, atutafutie huyo mtu.

Ya pili ni aliye mbali. Wakati wa korona wacheza Magic walikuwa na SpellTable, kila mmoja kwake, kamera imetazama meza yake, ukibofya kadi ya mwenzako kwenye picha mashine inakwambia ni ipi. Hakuna mazimwi. Kuna meza mbili zinazojifanya moja.

Hii ilimwingia ami kuliko yote, kwa sababu mwenzake wa miaka mingi amehamia kwa watoto wake Muscat, na tangu hapo anacheza na watu ambao kukohoa kwao haelewi. Mpwa wangu aliporudi likizo ya mwaka huu tukajaribu bila programu yoyote, simu ya video tu. Kule saa imetangulia moja, mzee ameshaswali, amekaa na chai yake. Huku kijana alikaa mahali pake, simu mkono wa kulia, karata za mzee mkono wa kushoto. Anamwonyesha karata zake, kisha anageuza simu aone jamvi. Mzee anasema "hiyo ya pili kutoka mwisho", kijana anaibana simu kwa kidevu, anachomoa, anapiga.

Wakashinda michezo minne mfululizo. Wapinzani walisema ni bahati, wa tano wakanyamaza, wa sita mmoja wao akaweka karata zake chini na kumtazama kijana anavyogeuza simu. Kutoka kwenye karata kwenda jamvini, mkono wa kijana ulikuwa unapita kila mara mbele ya kifua cha jirani yake wa kulia, polepole, kamera imefunguka. Mzee wa Muscat alikuwa anasoma mkono mzima wa adui tangu mchezo wa kwanza, na hakupepesa hata jicho. Ami anaapa hakujua lolote. Alikohoa tu.