Vita vya 1896 Zanzibar: mbona waya hautajwi?

Kila yanapotajwa mapigano ya Zanzibar ya tarehe 27 Agosti 1896, hutajwa kama kioja: vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38 hivi, basi. Wageni hucheka, nasi tumezoea kuvisimulia hivyohivyo. Mimi sipendezwi kabisa. Watu wapatao 500 wa upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa asubuhi ile. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Na katika masimulizi hayo huachwa kitu kilichochangia sana mambo kwenda kasi vile: waya uliolala chini ya bahari.

Waya huo ulikuja kwa sababu ya vita vingine. Tarehe 22 Januari 1879 Wazulu waliwashinda Waingereza pale Isandlwana. Habari ilifika London tarehe 11 Februari, karibu wiki tatu baadaye, maana Afrika Kusini ilikuwa bado haijaunganishwa na Ulaya kwa telegrafu. Sehemu ya kwanza ya safari ilibidi habari ibebwe na meli. Wakubwa wa London wakashtuka. Mwaka haujaisha, mkongo, yaani waya huo wa baharini, ulikuwa umeshalazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, ukapita Msumbiji na Delagoa Bay (Maputo ya leo), ukafika Durban. Zanzibar iliunganishwa kwa kuwa ilikuwa njiani. Wafanyabiashara nao waliutumia, lakini kilichoharakisha kazi ile ni hofu ya dola iliyochelewa kujua kwamba imepigwa.

Mkongo wenyewe ulikuwa na nyuzi za shaba katikati, zikafunikwa kwa gutta-percha ili maji yasiingie, kisha nyuzi za katani, na nje ukazungushiwa nyaya za chuma. Gutta-percha ni utomvu wa miti ya Malaya, Sumatra na Borneo. Ili kuupata, mti uliangushwa, na mti mzima ulitoa kidogo tu. Misitu mingi ya huko iliisha namna hiyo, na hasara ile sijaona ikihesabiwa na wanaousifu mtandao ule.

Ofisi ya telegrafu ilikuwa Shangani. Katika stesheni za mikongo mirefu ya enzi hizo, karani alikaa mbele ya utepe wa karatasi uliopita taratibu, huku kijibomba chembamba cha kioo kikichora mstari wa wino. Mstari ukipinda upande huu ni nukta, ukipinda upande wa pili ni kistari. Kwenye mstari ule unaotetemeka ndimo amri za dola zilimosomwa, herufi baada ya herufi.

Sasa tazama tarehe. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na siku hiyohiyo Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kasri kushika usultani bila ridhaa ya Waingereza. Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza, aliuliza London kwa telegramu kama wanaruhusiwa kulipiga kasri mizinga. Tarehe 26 jibu likafika: achukue hatua yoyote anayoona inafaa, serikali itamuunga mkono, ila asijaribu jambo asilo na hakika ya kulikamilisha. Kesho yake, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari zikaanza kupiga.

Sisemi kwamba bila waya Waingereza wangemwachia Khalid kiti. Manowari zao zilikuwa bandarini. Ila kama ruhusa ingesubiri meli ya barua, Khalid angepata majuma: ya kujadiliana, ya kutafuta wa kumtambua, hata ya kuondoka kwa heshima bila damu kumwagika. Mkongo ulimnyima muda huo, na uliendeshwa na kampuni ya taifa lilelile lililomwelekezea mizinga.

Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Mwaka 1916 Waingereza wakamkamata na kumpeleka uhamishoni Ushelisheli na St Helena. Visiwa vyote viwili vilikuwa na mkongo wa Waingereza. Ule wa Ushelisheli ulilazwa mwaka 1893 kutokea hapohapo Zanzibar.

Shuleni tunafundishwa Reli ya Uganda kwa urefu, na ni haki. Mkongo haupewi hata aya moja. Mei 2024, mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilipokatika, Tanzania nzima ilihisi maana ya kutegemea waya wa baharini. Mwanafunzi aliyekwama siku ile anastahili kujua kwamba waya wa namna hiyo ulifika pwani yetu mwaka 1879, uliletwa na nani, na ulitumikaje. Na watembeza wageni pale Forodhani, kabla ya kutaja dakika 38, wangetaja kwanza telegramu ya tarehe 26 Agosti.