Vipuri ni Bei Chee, Kupima Ndiko Ghali

Kila nikitangaza kwamba fungu jipya la vidhibiti joto vya jiko la mkaa liko tayari, hakosi mtu wa kuuliza: “Fundi, vipuri hivi si vinauzwa mtandaoni bei chee? Hiyo nyongeza unayodai ni ya nini?” Ana haki ya kuuliza. Ila anadhani nauza kazi ya kulehemu.

Kwa asiyevijua, hivi ni vijisanduku vinavyokaa pembeni ya majiko ya Kimarekani yenye mfuniko. Huku Denver ninakoishi, watu huoka kidari cha ng'ombe kwa moto wa taratibu, nyuzi 107 hivi za Selsiasi, mkesha mzima. Kijisanduku husoma joto la ndani ya jiko, kikapiga hesabu, kisha kikaamuru kifeni cha volti 12 kiupulizie mkaa hewa au kitulie. Mwenye jiko anajilalia. Wazo si langu. Mradi wa HeaterMeter, ambao michoro yake iko wazi kwa yeyote, umefanya hivyo miaka mingi kwa chipu ya ATmega328, ileile iliyomo kwenye Arduino Uno (bodi ya kujifunzia elektroniki), ikisaidiwa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Vyangu ni vya hali ya chini: chipu hiyohiyo, kioo kidogo, hakuna intaneti.

Bodi tupu, yaani vibao vya saketi visivyo na vipuri, nachapishiwa kiwandani. Kwa nini nisiwaachie watu wa kiwanda na kazi ya kupachika vipuri? Kwa sababu fungu langu halifiki ishirini, na gharama ya kuitayarisha mashine haipungui eti kwa kuwa umeagiza kidogo. Zingekuwa mia tano, ningewapelekea mbio.

Kulehemu kwenyewe ni kazi ya kutulia tu. Unaanza na vipuri vifupi: rezista na diodi kwanza, kisha soketi ya chipu, kapasita, na vile vya kufungia waya mwishoni. Ukianza na virefu, bodi ikigeuzwa hailali sawa, na vifupi vinaning'inia. Lehemu ya bati na risasi, 63 kwa 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 na haisumbui mkono (risasi ni sumu, nawa kabla ya kula). Kiungo kizuri hung'aa na kuuzunguka mguu wa kipuri kama kichuguu. Kibaya hukaa kama kidonge juu ya mguu bila kushika sawasawa, na hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Nieleze. Sensa ninayotumia ni themista ambayo ukinzani wake hushuka joto linapopanda: omu laki moja kwenye nyuzi 25, na elfu sita hivi tu kwenye joto la kuokea. Sasa kiungo kibovu kikiongeza omu elfu moja, kidhibiti kinaona jiko limepoa kwa nyuzi kama sita. Hakuna kengele inayolia. Feni inazidisha kupuliza, na jiko linakaa juu ya joto uliloomba usiku kucha huku kioo kikiapa kwamba mambo ni shwari. Waya ukikatika kabisa ni afadhali, maana programu iliyoandikwa vizuri inaligundua hilo na kuzima feni. Tatizo lisilojitangaza ndilo baya.

Kwa hiyo kila kimoja kinapimwa. Sensa inaingia kwenye maji yenye barafu nyingi iliyopondwa, isome sifuri. Kisha kwenye maji yanayochemka, na hapa wengi hupotea, kwa sababu Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 95. Ndugu wa Nairobi, walio juu zaidi, watapata 94 hivi. Wa Dar na Mombasa ndio wenye ruhusa ya kutegemea 100. Mtu akisahihisha sensa yake Nairobi kwa kudhani maji yake ni 100, ameingiza kosa kwenye kifaa kilichokuwa kizima.

Halafu moto wenyewe. Mkaa hauna swichi: ukishika, kuzima feni hakuupozi papo hapo. Kidhibiti kinachokimbilia nyuzi 107 kwa nguvu zote kitapitiliza, na kushuka huchukua muda mrefu kuliko kupanda. Mfuniko nao ukifunuliwa, joto la ndani huporomoka ghafla. Kidhibiti kijinga hudhani moto unazimika na kuupulizia, na ukifunika tena unakuta tanuru. Programu lazima iitambue hali hiyo na kuiacha feni itulie kwa dakika kadhaa. Hilo nalijaribu kwenye jiko lenye mkaa unaowaka, kijisanduku kwa kijisanduku, na mkaa ni pesa.

Wapo wanaouza vidhibiti vya namna hii kwa bei ya vipuri na dola chache za juu. Mimi nawashuku. Ama wanajipunja, ama hawapimi, na mnunuzi hana njia ya kujua ni lipi mpaka wageni wawe wamefika na nyama imekauka. Ukinunua kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo, mwambie akuonyeshe vipimo vya barafu na vya maji ya kuchemka vya kijisanduku chako hichohicho.

Anayetaka kulehemu na kupima mwenyewe, namuuzia bodi tupu kwa bei niliyoipata kiwandani.