Apdeti haikuniua, flashi ndo iliniua

Wiki iliyopita nimekutana na jirani yangu hapa Ilazo, Dodoma, anatoka getini, laptopu kwapani, uso umemshuka, nikajua tu hapa kuna jambo. Eti imefanya apdeti usiku, asubuhi kaiwasha imefika kwenye kale kaduara kanakozunguka halafu basi, kanazunguka tu, kaiacha tangu saa moja asubuhi mpaka adhuhuri bado kanazunguka. Fundi kamwambia kwenye simu we ilete, napiga Windows upya, nusu saa unaondoka nayo. Nikamuuliza, dada, akipiga Windows upya vilivyomo vinaweza kufutika vyote, mafaili yako yapo wapi kwingine? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Yapo kwenye flashi."

Aisee nilimrudisha ndani. Maana na mimi nilijibu hivohivo, neno kwa neno, mwaka 2022.

Kwetu kuna shamba la zabibu kule Mpunguzi, la Mzee. Zabibu za huku Dodoma unavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo unapogoa mara mbili, unapiga dawa ya ubwiri, unamwagilia, unahesabu kreti, unaandika nani kachukua kwa mkopo na nani hajalipa mpaka leo, na Mzee vyote hivyo anaviandika kwenye kauntabuku, hesabu kwa kalamu ya bluu, madeni kwa kalamu nyekundu. Mimi ndo nikajifanya msomi. Nikamwambia Mzee mambo ya daftari yamepitwa na wakati, lete nikuwekee kwenye kompyuta tujue msimu gani ulilipa na upi ulikula hela bure. Nikawa kila jioni nikitoka kazini nakaa naingiza, misimu kumi na moja mizima, na kwa kweli ilipendeza, Mzee mwenyewe alikuwa anakuja anasimama nyuma ya kiti changu anaangalia ile grafu halafu anaguna.

Ijumaa moja jioni apdeti ikaingia, imefika asilimia 34 umeme ukakata. Betri yangu ilishakufa siku nyingi, ile laptopu ilikuwa inaishi kwa chaja kama mgonjwa wa dripu, ikazima palepale. Umeme unarudi saa nne usiku naiwasha, inajaribu, inazima, inajaribu tena, inazima. Kesho yake niko kwa fundi. Na fundi nampa haki yake, aliniuliza, "Bro humu kuna kitu cha maana?" Nikamwambia piga tu, nina bakapu.

Bakapu yenyewe, yaani nakala ya akiba, ilikuwa flashi ya TB 2, kama GB elfu mbili hivi, niliyonunua kwa kijana mmoja anayetembeza, shilingi elfu kumi na tano. TB mbili kwa elfu kumi na tano! Leo nikiandika hivi najicheka mwenyewe ila siku ile niliona nimeokota dhahabu.

Narudi nyumbani nachomeka, folda zote zipo, majina yapo, hadi ukubwa wa kila faili umeandikwa vizuri. Nabofya msimu wa kwanza, faili limeharibika haliwezi kufunguka. Wa pili hivohivo. Nikabofya yote kumi na moja, mkono unatetemeka. Unajua nini kilifunguka? Singeli. Nyimbo zote za singeli nilizoweka siku ya kwanza naijaribu ile flashi zilipiga safi bila kukwama hata sekunde.

Baadaye ndo nikaelewa mchezo wenyewe. Hizi flashi ndani zina kachipu kadogo tu, GB 16 au 32 hivi, halafu kale kaprogramu kanakoiendesha kamechezewa kaidanganye kompyuta kwamba nafasi ni TB 2. Unavyoweka vitu, vya mwanzo vinakaa kweli, nafasi halisi ikiisha vinavyofuata vinaandikwa hewani au vinapandishwa juu ya vya zamani, ila majina unaendelea kuyaona kwa sababu orodha ya majina inakaa mwanzoni mwa flashi kwenye ile sehemu ambayo ipo kweli. Na kompyuta hailalamiki, inakwambia nimemaliza kukopi. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, kwa wenye kompyuta za Linux au Mac badala ya Windows kuna F3, kazi yake ni kuijaza flashi yote mpaka pomoni halafu inarudi kusoma ilichoandika, ikikuta pengo inakwambia hii ni ya GB ngapi kiukweli. Inachukua muda, kwenye kitu kikubwa ni usiku kucha au zaidi, we iache ifanye ukiwa umelala. Siku hizi sinunui kitu cha kuhifadhia bila kukipitisha hapo, hata muuzaji akiapa.

Sasa hapa ndo napogombana na washkaji, maana ukimsimulia mtu hii habari anachoondoka nacho ni "ndo maana mimi nimezima apdeti kabisa." Hapana jamani. Najua bando linauma, apdeti moja inaweza kumeza GB kadhaa na wewe ulikuwa umejipangia bando la wiki, hilo silibishi, nenda kwenye mipangilio ya ule mtandao wako uuweke kama mtandao wa kulipia kwa kipimo, kwa Kiingereza wameandika "metered connection", itapunguza kushusha vitu kiholela. Lakini kuizima milele kwa vile viprogramu mnavyotumiana Wasap ni kulala mlango wazi. Mei 2017 kile kirusi cha WannaCry kilipoangusha kompyuta mpaka za hospitali za Uingereza, kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu lile kilimopitia, kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Karibu miezi miwili! Wengi walioumia ni wale ambao walikuwa hawajakiweka.

Ila pia sikwambii uikimbilie kama foleni ya maji. Oktoba 2018 apdeti kubwa ya Windows 10, ile 1809, ilifuta mafaili ya baadhi ya watu, hasa wale waliokuwa wamehamishia folda ya nyaraka zao kwenye diski nyingine huku mafaili mengine yamebaki kule kwa zamani, yenyewe ikaiona ile folda ya zamani kama takataka ikaifyeka. Microsoft wakaisimamisha siku chache tu baada ya kuitoa, wakairudisha Novemba. Na kuna watu wa majaribio walikuwa wameshalalamika kuhusu kupotelewa na mafaili kabla haijatoka kwa umma, hilo ndo linaniudhi mpaka leo. Halafu tarehe 19 Julai 2024 si mnakumbuka, viwanja vya ndege vimesimama, skrini za bluu kila mahali, kompyuta kama milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, na pale kosa halikuwa la Windows yenyewe, lilikuwa apdeti ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Dawa yake? Ingia sefu modi, ile hali ya kuwaka na vitu vya lazima tu, futa faili moja, washa upya. Faili moja tu, ila kwa mashine nyingi ilibidi mtu aende akaguse kila moja kwa mkono wake.

Kwa hiyo mimi naisogeza wiki moja. Microsoft wanatoa apdeti zao kubwa za ulinzi Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu huku inakuwa saa mbili au saa tatu usiku, mimi siku hiyo nabonyeza kusitisha kwa wiki, naacha wenye haraka waionje kwanza. Ndani ya hiyo wiki nachomeka diski nafanya bakapu. Wiki ikiisha naiweka, chaja imechomekwa, na betri nilishanunua mpya.

Turudi kwa jirani. Nilimwambia kabla ya fundi tupe nusu saa. Kwanza nikachomoa kila kitu, printa, modemu, mausi, maana kuna wakati ni kidude kimoja tu cha pembeni kinaichanganya. Ikagoma. Basi ukiizima kwa kushikilia batani wakati inawaka, ukarudia mara mbili tatu, yenyewe inajua kuna tatizo inaleta kioo cha bluu cha kujitibu, humo kuna sehemu ya kuondoa apdeti ya mwisho, na wanakupa mbili, ile ndogo ya kila mwezi na ile kubwa ya toleo zima. Tukaanza na ndogo. Hapo ndo ikamuomba funguo ya tarakimu 48, dada wa watu akaniangalia kama mimi ndo nimeifunga. Ni BitLocker hiyo, kufuli la diski la Windows, kompyuta nyingi za siku hizi zinakuja diski imeshafungwa na mwenyewe hujui. Bahati nzuri aliingia kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu, funguo ipo, mimi nasoma yeye anabonyeza, tulikosea mara mbili. Dakika kama ishirini hivi, ikawaka! Picha za harusi ya mdogo wake zote zipo. Nenda kaiandike hiyo namba kwenye karatasi leoleo, we unayesoma.

Na ingegoma? Bado nisingempeleka kupiga Windows. Ningechukua flashi yenye Linux, iwe aina ya Mint au Ubuntu, unaiwasha kompyuta kwa hiyo flashi bila kuinstoli kitu, unaingia kwenye diski unakopi mafaili yako kwenda nje, ndo baada ya hapo fundi afanye anachotaka. Mafundi wengi wanajua hii njia, tatizo inakula muda na wewe hujamwambia una vitu, umemwambia "piga tu." Kama ni apdeti kubwa na kompyuta inawaka ila ina visirani, una siku kumi za kurudi kwenye toleo la zamani, na katika hizo siku kumi usijifanye msafi ukafuta ile folda ya Windows.old kwa sababu ndo humo toleo la zamani limekaa.

Kuna jingine nalisikia sana, "mimi vitu vyangu viko mtandaoni." Viko kweli, ila angalia vikoje. Zile folda zinazojilinganisha zenyewe na mtandao ni kama kioo, ukifuta huku na kule kunafutika, kirusi kikifunga mafaili huku na kule yanapanda yaliyofungwa. Kuna pipa la takataka unaweza kuokoa humo ukiwahi, lakini nani anawahi? Na bure ni GB 5 kwa OneDrive, 15 kwa Google tena hapo umechanganya na barua pepe na picha za simu. Mimi naitumia kwa mafaili madogomadogo. Picha na video ziko kwenye eksternali, ile diski ya nje ya kuchomeka, ambayo kwa bei niliyoinunulia ningepata flashi feki kumi na zaidi, na nikimaliza kukopi naichomoa naiweka kabatini, maana ikishinda imechomekwa siku kirusi kikija kinamaliza vyote viwili, au umeme ukirudi kwa kishindo.

Halafu hizo bakapu unazifungua. Hapa ndo nina hasira napo. Kila mwezi nachagua mafaili matatu manne bila mpango, moja la zamani kabisa, moja la juzi, nayafungua kutoka kwenye bakapu yenyewe. Msifikiri ni ushamba wetu wa flashi za elfu kumi na tano, GitLab, kampuni kubwa inayotunza kazi za waandika programu, tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta data kwa bahati mbaya, wakakimbilia bakapu zao, walikuwa na njia tano, wakakuta hakuna hata moja inayofanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono kama masaa sita kabla, kwa shughuli zake nyingine kabisa.

Mimi aliyeniokoa ni Mzee. Nilivyomwambia mafaili yamekwenda na maji hakusema kitu, alienda chumbani akarudi na zile kauntabuku nne zimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akakaa kwenye kigoda akaanza kunisomea, mimi naingiza. Jumamosi nne mfululizo. Msimu mmoja tu hatukuupata, kurasa zake mchwa walishazila, na ule ndo ulikuwa umebaki kwenye kompyuta peke yake.

Ndo maana sasa nina eksternali mbili. Moja iko kwangu Ilazo, nyingine iko Mpunguzi kwenye sanduku la bati la Mzee pamoja na hati ya shamba, na kila mwezi nikienda nazibadilisha, nyumba yangu ikiungua au wezi wakiingia kuna nyingine kule barabara ya Iringa. Mwanzoni aliona kama mchezo wa watoto, ananiuliza umekuja kunisalimia mimi au umekuja kukisalimia hicho kidude. Mwezi uliopita nimefika, nimesalimia mbukwa, hata sijakaa, keshanyoosha mkono. "Kipya kiko wapi? Lete. Cha zamani hiki hapa, nimekifunga kisiingie vumbi." Kakifunga kwenye rambo, lile la plastiki la bluu kabisa la enzi zile, na yamepigwa marufuku tangu 2019, sijui kalitoa wapi. Nikamuuliza. Akasema anayo mengine, aliweka akiba.