Nyimbo nyingine zisipigwe kila siku

Kuna nyimbo ninazozipenda kwa uzuri wake, na kuna nyingine ninazozipenda kwa sababu ya mambo yaliyonikuta wakati zilipokuwa zikipigwa. Za kundi la kwanza naweza kuzisikiliza asubuhi hadi usiku bila kupungukiwa na chochote. Za kundi la pili nimeamua kuzisikiliza kwa nadra sana, na ninaamini kwamba kila mwenye wimbo wa namna hiyo angefanya vyema kuutunza vivyo hivyo, kwa sababu wimbo unaopigwa ovyo hubaki na sauti yake yote huku ukipoteza kumbukumbu uliyokuwa umeibeba.

Wimbo unaobeba kumbukumbu si lazima uwe wimbo bora. Marehemu baba yangu alikuwa msikilizaji makini, mtu aliyeweza kumtambua mpiga gitaa kwa kusikia nyuzi chache tu, na hakuwa na subira na mashairi yaliyotungwa kwa haraka. Hata hivyo, wimbo uliomnyamazisha kuliko nyimbo zote ulikuwa mwepesi mno, wenye maneno ambayo yeye mwenyewe aliyaita duni na kiitikio kinachojirudia kupita kiasi. Aliusikia siku alipopata barua ya kuajiriwa kwa mara ya kwanza, ukipigwa katika redio ya mtu mwingine, na tangu hapo kila ulipopigwa alikatiza mazungumzo mpaka umalizike. Sisi watoto tulikuwa tukishangaa jinsi mtu mwenye masikio makali namna ile alivyoweza kuheshimu wimbo wa namna ile. Sasa ninamwelewa vizuri zaidi kuliko nilivyomwelewa alipokuwa hai: hakuwa akisikiliza wimbo, alikuwa akiisikiliza siku ile.

Kwa upande wangu, wimbo wenye nguvu kuliko yote ni ule ambao mama alikuwa akiuimba kwa sauti ya chini anaposhona kwa cherehani yake. Aliujua ubeti wa kwanza na kiitikio, lakini ubeti wa pili hakuujua, kwa hiyo alipofika hapo alivumisha tuni kwa mdomo uliofumbwa kisha akarudi kwenye kiitikio kwa sauti kamili. Nilipokuja kuusikia wimbo wenyewe katika kanda, ukiimbwa na aliyeutunga, niliona kama kwamba ubeti wa pili umeingizwa na mgeni. Mpaka leo ubeti huo haunigusi. Kinachonigusa ni mahali ambapo maneno yalikosekana, yaani sehemu ambayo ni mama peke yake aliyekuwa nayo, na ambayo haimo katika rekodi yoyote duniani.

Wataalamu wa ubongo wamelichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 2009, Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha utafiti ambao ndani yake wanafunzi waliwekwa katika mashine ya kupiga picha za ubongo na kusikilizishwa vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 8 hadi 18. Wimbo ulipomkumbusha mtu jambo la maisha yake, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ilifanya kazi kwa nguvu zaidi, na kadiri kumbukumbu ilivyokuwa na uzito ndivyo kazi hiyo ilivyoongezeka. Wanasaikolojia nao wameona mara nyingi kwamba mtu mzima akiulizwa kuhusu maisha yake hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyotokea alipokuwa kati ya miaka 10 na 30 hivi, na nyimbo za kipindi hicho ndizo zinazong'ang'ania kuliko nyingine. Huo ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: safari ya kwanza ukiwa peke yako, pendo la kwanza, mshahara wa kwanza, na mara nyingi pia msiba wa kwanza unaoelewa maana yake. Siamini kwamba nyimbo za ujana wa mtu yeyote zilikuwa bora kuliko za sasa, na huwa nasikitika ninapoona wazee na vijana wakigombana juu ya hilo, kwa maana kila upande unatetea maisha yake ukidhani unatetea muziki.

Lakini wimbo na kumbukumbu yake ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, na fundo lake linaweza kufunguka. Mfano mzito kuliko yote ninaoujua ni wa Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza aliyeugua ubongo mwaka 1985 kutokana na virusi vya malengelenge, akapoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya, hata jambo la muda mfupi tu uliopita likawa linamtoka. Muziki haukumtoka. Aliendelea kupiga piano na aliweza kuiongoza kwaya, akisoma noti na kuufuata mwendo wa wimbo mpaka mwisho, ilhali matukio mengi ya maisha yake yalikuwa yamefutika. Ninapofikiria hali yake ninaona wazi kwamba mtu anaweza kubaki na wimbo mzima mkononi na bado akakosa kujua ni nani alikuwa amekaa karibu naye alipousikia zamani. Kwake ni ugonjwa uliofanya hivyo. Kwetu sisi wengine jambo linalofanana na hilo hutokea polepole, na mara nyingi tunalitenda kwa mikono yetu.

Mwaka 1975 wanasaikolojia Olga Watkins na Michael Watkins walieleza kanuni inayosema kwamba kidokezo kinachomkumbusha mtu jambo fulani hupungua nguvu kadiri kinavyohusishwa na mambo mengi zaidi. Walikuwa wakizungumzia kukumbuka maneno, si nyimbo, lakini mimi ninaiona kanuni hiyo ikifanya kazi kila mahali katika muziki ninaousikiliza. Wimbo uliosikika katika jioni moja tu humrudisha mtu katika jioni ile. Ukisikika tena katika foleni, jikoni, garini na mazoezini, huwa kama kamba moja iliyofungiwa mbuzi wengi, ukiivuta hujui atakuja yupi.

Tulipomaliza shule ya sekondari tulikuwa na wimbo wetu, na usiku wa kuagana tuliuimba mpaka sauti zikakauka. Miaka mingi baadaye kampuni moja ikauchukua na kuufanya muziki wa kumsubirisha mteja kwenye simu. Nilikuwa na shauri lililonilazimu kuipigia kampuni hiyo kwa wiki kadhaa, na kila mara wimbo ule ulianza, ukakatwa katikati na sauti ya kuniomba niendelee kusubiri, ukaanza upya. Leo nikiusikia, kinachonijia kwanza ni uchovu wa kushika simu sikioni. Nyuso za wenzangu huja baadaye, na huja kwa sababu nimezitafuta. Wakati wa kwanza zilikuwa zikija zenyewe.

Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu hakuna aliyehitaji kujiwekea mipaka kama hii ninayoipendekeza. Kabla ya Thomas Edison kutengeneza fonografu, mashine ya kunasa sauti na kuipiga tena, mwaka 1877, wimbo haukusikika isipokuwa mtu awepo na auimbe. Hata redio ilipoenea, msikilizaji hakuwa na mamlaka juu ya saa ambayo wimbo wake ungepigwa; aliomba, akangoja, na pengine siku ikapita bila kuusikia. Kaseti ya Philips ya mwaka 1963 ilitupa uwezo wa kurudia wimbo tuupendao, ingawa kurudia huko kulikuwa na kazi yake ya kurudisha kanda nyuma na kukisia mahali wimbo unapoanza. Walkman ya mwaka 1979, kile kinanda kidogo cha kaseti cha kubeba na kusikiliza kwa visikilizi, iliuwezesha muziki kutufuata njiani. Sasa wimbo wowote unapatikana kwa mguso mmoja wa kidole. Uhaba ndio uliokuwa ukitulindia kumbukumbu zetu bila sisi kujua, na sasa uhaba umeondoka, kazi hiyo tumebakiwa nayo wenyewe.

Jambo linalonikera zaidi ni tabia ya programu za muziki kutuletea zenyewe nyimbo ambazo tuliwahi kuzipenda. Programu hutambua kwamba nimesikiliza wimbo fulani hadi mwisho, ikahesabu kuwa huo ni upendeleo wangu, na kuanzia hapo ikauingiza katika kila orodha inayonitengenezea. Haijui, wala haina njia ya kujua, kwamba niliusikiliza hadi mwisho kwa sababu ilikuwa siku ya kumbukumbu ya kifo cha ndugu yangu. Wiki inayofuata inanipigia wimbo ule ule nikiwa ninafua nguo. Watu husifu urahisi huo, nami sikatai kwamba umenifikisha kwa wanamuziki wengi wazuri ambao nisingewajua. Hata hivyo, kwa nyimbo za kumbukumbu ninauona urahisi huo kuwa hasara kubwa.

Rafiki yangu mmoja, mjane, haungi mkono maoni haya. Kila jioni tangu msiba wake amekuwa akiupiga wimbo ambao mumewe alipenda kuuimba, na ananiambia kwamba bila wimbo huo asingestahimili. Sina haki ya kumwambia aache, na sijafanya hivyo, kwa kuwa mfiwa huegemea kinachomshikilia. Lakini yeye mwenyewe, tulipokuwa tukizungumza hivi karibuni, alisema kwamba siku hizi wimbo ule humkumbusha zaidi sebule yenye kimya na jioni zake za upweke kuliko unavyomkumbusha mumewe. Aliyasema hayo bila majuto, kwani alihitaji kitu cha kumvusha na wimbo ukamvusha, na huenda hiyo ndiyo kazi njema kuliko zote ambazo wimbo ungeweza kumfanyia. Mimi ninachosema ni kwamba kazi hiyo ina gharama, na ni afadhali mtu aijue mapema.

Kanuni ile ile ya kidokezo kupungua nguvu kinapohusishwa na mambo mengi inaweza kutusaidia pale kumbukumbu inapokuwa chungu. Ulikuwepo wimbo wa kwaya ambao kwa muda mrefu sikuweza kuuvumilia, kwa kuwa ulisikika kutoka chumba cha jirani katika siku ambazo ndugu yangu alikuwa amelazwa na hali yake ikizidi kuzorota. Dada yangu, ambaye ni mwanakwaya, alinishauri nijiunge nao katika mazoezi wakati walipokuwa wakijifunza wimbo huo huo. Mwanzoni nilisimama nyuma bila kufungua mdomo. Baadaye nikaanza kufuata sauti ya tatu, nikasahihishwa nilipopotoka, nikacheka na wengine, nikagombana na mmoja wao kuhusu mahali pa kuvuta pumzi. Siku ya kuuimba mbele ya watu ilipofika, wimbo ulikuwa umejaa watu wengine. Chumba kile cha wagonjwa bado kimo ndani yake, ila hakikutawala tena.

Tena kuna wale ambao kwao kuusikia wimbo mara nyingi ni rehema tupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Jörn-Henrik Jacobsen na wenzake ulionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazohifadhi nyimbo tulizozizoea kwa muda mrefu huathirika kidogo tu na kusinyaa kunakoletwa na ugonjwa wa Alzheimer, ukilinganisha na sehemu nyingine. Huenda ndiyo maana mgonjwa asiyeweza tena kulitaja jina la mwanawe huweza kuuimba wimbo wa ujana wake bila kukosea neno. Kwa mtu kama huyo sioni sababu ya kuuwekea wimbo akiba. Upigwe kila siku, na apewe nafasi ya kuuimba.

Lakini ili upigwe, lazima awepo anayejua ni wimbo gani, na hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Tunajua dawa wanazotumia wazee wetu na hatujui nyimbo zao. Nimeanza kuwauliza walio hai, mmoja mmoja, wimbo gani wangetaka kuusikia na unawakumbusha nini, na sijapata hata mmoja aliyelichukulia swali hilo kuwa la kipuuzi. Mama mdogo alijibu papo hapo, kisha akazungumza karibu mchana kutwa kuhusu mambo ambayo sikuwahi kumsikia akiyataja. Faida nyingine ya kuuliza ni kwamba nyimbo za wazazi huwa sehemu yetu pia: Carol Krumhansl na Justin Zupnick walionyesha mwaka 2013 kwamba vijana wa miaka kama 20 waliosikilizishwa nyimbo za miongo mbalimbali walikuwa na kumbukumbu nyingi zinazohusu nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana. Wimbo wa cherehani ni wa ujana wa mama, nami nimeurithi ukiwa na pengo lake.

Nyimbo zangu za kumbukumbu nimezitoa katika orodha zote za simu. Sizitumii kama mlio wa kuamshia, kwa sababu sijui njia ya haraka zaidi ya kuuchukia wimbo kuliko kuamshwa nao. Ninapotaka kuusikiliza mmojawapo ninakaa chini, ninaacha kazi nyingine, na ninausikiliza wote, kisha sirudii. Yale unayonikumbusha ninayaandika katika daftari, nikianza na mambo madogo ambayo ndiyo huyeyuka kwanza: aliyekuwepo, alichovaa, nani alianza kuondoka. Ninatamani watengenezaji wa programu za muziki watuwekee namna ya kuufungia wimbo, usiletwe mpaka mwenyewe auombe kwa jina. Hadi watakapofanya hivyo, nitaendelea kuzifuta nyimbo hizo kwa mkono kila programu inapozirudisha.