Nano au vi: inategemea unashika mashine ya nani

Nano na vi zote ni programu za kuandika na kurekebisha faili ndani ya terminali, lile dirisha la kuandika amri. Anayeanza Linux leo mara nyingi ataambiwa atumie nano, na mi naona ni sawa kabisa, unafungua faili unaandika, vitufe vikuu viko pale chini ya skrini, Ctrl+O kusevu, Ctrl+X kutoka, basi. Vi wewe unabonyeza herufi yenyewe inaichukua kama amri, mpaka ubonyeze i ndo uandike, ukimaliza Esc halafu :wq, yaani sevu na utoke. Na hatari yake ni ya kweli: ukipesti maandishi kabla hujabonyeza i, herufi zinaweza kugeuka amri na faili la konfigi (la mipangilio) likaharibika kabla hujaelewa nini kimetokea. Hao wanaomlazimisha mwanafunzi aanze na vi ili aonekane fundi, hapana, wanamfukuza tu.

Lakini sasa twende kwenye seva. Bill Joy aliitengeneza vi pale Berkeley mwaka 1976 huku anatumia modemu ya biti 300 kwa sekunde, ndo maana amri zake ni fupi hivyo, na ukiwa umeingia kwenye seva iko Frankfurt kwa bando la simu, net inavuta, utaielewa sababu: 10dd imefuta mistari kumi, wakati kwenye nano unabonyeza Ctrl+K mara kumi na kila mara unasubiri skrini. Tena kama terminali iko ndani ya brauza ujue Ctrl+W ya nano ni kutafuta neno, ila brauza inaweza kukufungia tabo nzima.

Kikubwa zaidi ni kwamba nano inaweza isiwepo. Kontena za Alpine (Linux ndogo sana) na ruta nyingi zina BusyBox, kifurushi kimoja kidogo chenye amri za msingi, humo unakuta vi. Utasema si nainstoo tu, sawa, na kama kilichoharibika ni faili la mtandao wenyewe utadaunilodi na nini?

(Halafu Vim, ile vi iliyoboreshwa aliyoitoa Bram Moolenaar mwaka 1991, ukiifungua bila faili inaweza kukuomba uwasaidie watoto wa Uganda, wale wa Kibaale, ambako Bram alifanya kazi. Haibadilishi hoja ila mi inanigusa sana.)

Kwa hiyo kama kompyuta ni yako kaa na nano kwa amani, ila kama unalipwa kushika seva za watu jua angalau i, Esc, dd (futa mstari), u (tengua), :wq na :q! (toka bila kusevu), hizo jioni moja zinatosha. Na kama crontab (ya kupanga kazi za kujiendesha) au git (ya kutunza matoleo ya kodi) inakufungulia vi hujaomba, weka export EDITOR=nano kwenye .bashrc yako, lile faili la mipangilio ya terminali.