London gari linalipiwa life, Mwanza halifi

Kila nikipiga simu nyumbani siku hizi lazima atatokea mtu wa kunitajia bei ya IST. Si mpya. Toyota ndogo hiyo ni ya 2004, imeshachoka Japani, imeshachoka Dar, sasa iko Buzuruga, Mwanza, na dalali anaapa kuwa "haijaguswa". Hapa London gari la dizeli la 2014, dogo kwa hiyo IST miaka kumi mizima, jiji lilikuwa tayari kukulipa ulipeleke likapondwe. Na huko kwenye makundi ya WhatsApp nimeshaona watu wanashauri Tanzania nayo iige mpango huo, tuondokane na mikweche barabarani. Mimi nimeuona kwa karibu, na sitaki uje kwetu jinsi ulivyo.

Huku ilikuwa hivi. Tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ushuru wa moshi, ULEZ, lilipanuliwa likafika London yote. Gari la dizeli lisilofikia kiwango cha moshi cha Ulaya, Euro 6, kwa kawaida lililosajiliwa kabla ya Septemba 2015, na la petroli lisilofikia Euro 4, kwa kawaida la kabla ya 2006, linatozwa pauni 12.50 kila siku linayotembea. Ukilitoa kwenda kununua mkate tu, umelipa. Ili kutuliza watu, Meya Sadiq Khan akatenga mfuko ulioanza na pauni milioni 110, baadaye ukaongezwa: ukikubali gari lako likatwe, ulikuwa unapewa pauni 2,000.

Sasa angalia nani alichukua hizo hela. Jirani yangu ni fundi bomba, alikuwa na gari la dizeli la 2013, zima kabisa. Sokoni lilikuwa na thamani kubwa kuliko fidia, kwa hiyo akaliuza kwa mtu wa nje ya London, na moshi wake ukahamia huko. Mama mmoja wa mtaa wa pili alikuwa na kagari kachovu ambako usingepata mtu wa kukatolea hata pauni mia sita. Huyo alikimbilia fidia mbio. Halafu wote wawili wakakutana sokoni wakitafuta kitu kilekile: gari dogo la petroli la 2007 au 2008, la bei ya chini. Vigari hivyo vilikuwa vimejaa mtaani kwetu. Ghafla vikawa vya kutafuta kwa tochi, na vilivyobaki bei ikapaa. Kijana aliyekuwa anaanza maisha, ambaye hakuwahi kuwa na gari wala kuomba fidia, ndiye aliyelipa tofauti hiyo. Ukiondoa magari ya chini sokoni, anayeumia ni yule aliyekuwa anayasubiri.

Wamarekani walifanya hivyo mwaka 2009 kwa kishindo. Serikali ilitoa dola 3,500 au 4,500 kwa gari moja. Dola bilioni 3 zikaisha ndani ya miezi miwili, na magari kama 677,000 yakaenda na maji. Sheria ilitaka injini iuawe isije ikafufuliwa: fundi anamwaga oili yote, anamimina sodiamu siliketi, kisha anawasha na kukanyaga mafuta mpaka injini inajishika yenyewe na kuzima moja kwa moja. Nimeangalia video za zoezi lile. Injini nyingine zinagoma kufa, zinanguruma dakika kadhaa. Fundi wa Mwanza asioneshwe, atalia. Wachumi Atif Mian na Amir Sufi walipochambua mauzo baadaye, walikuta watu wengi walikuwa wameuwahisha tu ununuzi ambao wangeufanya muda mfupi mbele. Kabla mwaka haujapita, ongezeko la mauzo lilikuwa karibu limefutika lote. Magari ya bei nafuu yaliyonokishwa, hayo hayakurudi.

Ujerumani nao mwaka huohuo walitoa euro 2,500 kwa gari la miaka tisa na kuendelea, na kutumia euro bilioni 5. Lakini hayo ya usukani wa kushoto hayatugusi sana sisi. Yanaigusa zaidi Afrika Magharibi. Sisi tunaendesha kushoto mwa barabara, usukani kulia, na mlango wetu ni Japani.

Japani napo walikuwa na mpango wao mwaka 2009: yeni 250,000 kwa anayekata gari la miaka 13 au zaidi na kununua linalotumia mafuta kidogo. Lakini kinacholeta magari Buzuruga ni utaratibu wao wa siku zote. Gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi wenyewe ni ghali. Likifika miaka 13 kodi ya uzito inapanda. Na tangu 2005 mwenye gari anatanguliza ada ya kulirejeleza, ila gari likiuzwa nje ya nchi ada hiyo inarudishwa. Kwa hiyo Mjapani anasukumwa aliachie gari likiwa bado lina nguvu, na anarudishiwa hela likipanda meli.

Serikali yetu imeamua kulizuia gari kuukuu mlangoni. Gari la kutembelea lenye zaidi ya miaka kumi linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na la miaka minane hadi kumi asilimia 15. Hapo bado ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Nia naielewa. Matokeo yake ni kwamba aliye nje anashindwa kuingiza la nafuu, na lililokwisha kuingia linageuka dhahabu, hata kama linavuja kila mahali. Tena tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta. Gari likilala chini ya mwembe Kisesa miaka mitano halidaiwi senti. Uingereza kinachoua magari mengi ni ukaguzi wa kila mwaka, MOT. Fundi akikuandikia kutu kwenye chesisi na bei ya kuchomelea ikazidi bei ya gari, unaita wa vyuma chakavu siku hiyohiyo.

Mjomba wangu ana gereji Mabatini, na mchomoko mmoja, yaani gari dogo la kubeba abiria, Probox, unaokimbia Magu. Nilipomweleza habari za fidia alikaa kimya, kisha akauliza, "Mjomba, kwa hiyo wanaua na injini nzima?" Nikamwambia ndiyo. "Na gia boksi?" Hakuamini.

Kwake gari halifi kwa mara moja. Noah ikipinduka au ikinoki, inachinjwa. Milango inaenda kwa mwenye Noah aliyegongwa, taa zinauzwa kwanza kwa sababu ndizo zinazotafutwa sana, shokapu zinajaribiwa kwa mkono kama bado zina nguvu. Ekseli inaweza kuishia Misungwi chini ya mkokoteni wa ng'ombe. Kinachobaki kinapimwa kilo na kwenda Nyakato kuyeyushwa kuwa nondo. Watu wanakula hapo: fundi, dalali wa spea, mwenye mkokoteni. Huku London tunaita hayo kutunza mazingira na kuyaandalia semina.

Lakini nisiwapambe watu wangu. Oili inayomwagwa gereji inaingia mitaroni, mitaro inaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, kwenye maji tunayonywa na sato tunaokula. Ukisimama stendi jioni nyuma ya Hiace inayofoka moshi mweusi, utaelewa kwa nini watu wanataka zife. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilihesabu magari madogo milioni 14 ya mitumba yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na zaidi ya nusu yalikuja Afrika. Hatuwezi kujifanya hatuoni.

Ninachokataa ni kumlipa mwenye IST ya kwendea ofisini ili anunue Harrier. Huyo atajinunulia mwenyewe. Kama kuna hela ya kutoa, iende kwenye magari yanayobeba abiria, kwa sababu Hiace moja inatembea kutwa nzima wakati gari la mwalimu limeegeshwa. Afrika Kusini walianzia huko: mpango wao wa teksi za abiria ulianza kulipa randi 50,000 kwa basi dogo kuukuu mwaka 2006. Shida ni kwamba randi 50,000 hazinunui basi jipya, na mwenye basi moja anajikuta na mkopo asioumudu. Kwetu mimi ningeacha kabisa fedha taslimu. Anayesalimisha Hiace mbovu asamehewe sehemu ya kodi ya hiyo nyingine anayoiagiza. TRA, wakusanya kodi wetu, wataguna, najua, lakini ni bora kuguna kuliko kugawa bahasha.

Na isipondwe nzima. Ikabidhiwe gereji iliyosajiliwa, yenye sakafu ya zege na pipa la oili chafu, iichinje kihalali. Injini chakavu ife, sawa. Milango, viti, vioo na taa viuzwe. Ukiua kila kitu bei ya spea itapaa, na Hiace zilizobaki zitaendeshwa na breki za kubahatisha.

Kitu kimoja tu ningekiiga kwa Wamarekani bila kubadilisha herufi. Walidai gari liwe limesajiliwa na kukatiwa bima kwa jina la mwenyewe mwaka mzima kabla ya kulisalimisha. Bila kipengele hicho, siku mpango ukitangazwa tu, madalali wa Igoma watakuwa wameshafika Kwimba na winchi, wanang'oa magari yaliyoota majani yaje kudai msamaha wa kodi.