Pamba ofisi ya nyumbani ukiwa umekaa kwenye kiti, sio ukiwa umesimama mlangoni

Angalia picha za ofisi za nyumbani zinazozunguka mtandaoni, karibu zote zimepigwa kutoka mlangoni. Meza inakutazama, kiti kizuri, ukuta wa nyuma una fremu na rafu ya vitabu, taa ya manjano imewashwa pembeni, na komenti zimejaa sifa. Sasa jiulize, mwenye ofisi akikaa pale anaona nini? Fremu ziko mgongoni kwake, rafu iko mgongoni, mbele yake labda kuna kabati la nguo au dirisha linalompiga jua la macho mchana kutwa. Yaani pesa yote imeenda kwa anayeangalia picha, anayefanya kazi hajapata kitu.

Mi msimamo wangu ndo huo, ofisi ya nyumbani inapambwa kwa jicho la anayekaa. Kabla hujanunua hata chungu kimoja cha maua weka kiti pale unapotaka kukaa, fungua laptopu, fanya kazi mchana kidogo na usiku kidogo, afu uangalie macho yako yanaenda wapi kila unapoyatoa kwenye skrini. Hapo yanapoenda ndo pa kupamba. Kwingine kote kunaweza kusubiri.

Na cha kwanza utakachogundua ukikaa ni mwanga, na mwanga ndo jambo ambalo watu wengi wanalifikiria mwisho kabisa wakishamaliza bajeti kwenye zulia na rafu. Nje mchana hata kukiwa na mawingu unapata kama laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), lakini sebule ya kawaida usiku mara nyingi haifiki hata 150, wakati kiwango kinachotumika sana kwa kazi za kusoma na kuandika ofisini ni laksi 500 pale juu ya meza. Ona hiyo tofauti. Ile balbu moja ya katikati ya dari, ambayo we mwenyewe ukikaa unaiziba kwa kichwa chako na kivuli kinaangukia kwenye daftari, haiwezi kukufikisha huko. Kuna programu za simu zinazopima laksi, hazipimi kwa usahihi wa kifaa cha fundi ila zinatosha kukuonyesha kona ipi ya chumba ina giza.

Dirisha likae ubavuni kwako. Ukilitazama uso kwa uso macho yanahangaika kati ya mwanga mkali wa nje na skrini iliyofifia, ukilipa mgongo mwanga unagonga skrini na unakaa unajiona mwenyewe badala ya maandishi. Ubavuni ndo penyewe, na pazia jepesi la kupunguza jua likiwa kali. Afu ongeza taa ya meza upande wa pili wa mkono unaoandikia, kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kwenye balbu angalia namba ya kelvini kwenye boksi, 2700 ni ule umanjano wa kupumzikia, 4000 ni nyeupe iliyotulia, 6500 ni nyeupe inayoelekea bluu. Mi naona 4000 ni nzuri kwa kazi za mchana, na usiku ukikaribia kulala urudi kwenye umanjano, manake jicho lina seli, zilizothibitishwa mwaka 2002, ambazo kazi yake kubwa sio kuona picha, zinauambia mwili saa hizi ni mchana au usiku, na kinachoziamsha zaidi ni mwanga wa bluu. Mtu anafanya kazi saa tano usiku chini ya balbu ya 6500 afu anashangaa usingizi umeenda wapi.

Rangi za ukuta nazo zina maneno mengi sana. Utasikia bluu inaongeza ubunifu, nyekundu inaongeza umakini. Sehemu kubwa ya maneno hayo inaegemea utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2009, ila ukiusoma vizuri, rangi waliyoonyeshwa washiriki ilikuwa zaidi ya skrini ya kompyuta, hakuna aliyepakiwa ukuta. Kwa hiyo usipake chumba chako nyekundu kwa sababu hiyo. Cha uhakika kuhusu rangi ya ukuta ni kiasi cha mwanga inachorudisha, nyeupe safi inarudisha asilimia 80 na zaidi, kijivu kizito hakifiki 20, na chumba kidogo chenye dirisha moja kinaihisi tofauti hiyo kila siku. Ukipenda rangi nzito sana ipeleke kwenye ukuta wa mbali na dirisha, na iwe isiyong'aa.

Mimea naipenda na nadhani kila ofisi ya nyumbani iwe nayo, lakini sio kwa sababu inayotajwa sana. Habari ya mimea kusafisha hewa inatoka kwenye utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989 uliofanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa, na uchambuzi wa mwaka 2019 ukaonyesha kwamba chumbani ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ifikie kazi ya hewa inayoingia na kutoka yenyewe kwenye jengo. Fungua dirisha tu. Mmea kazi yake ni ya macho. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo, wengine dirisha lao linaona miti, wengine linaona ukuta wa matofali, na wale wa miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema na walitumia dawa chache za maumivu makali. Sasa mmea ulioko nyuma yako kwenye rafu kwa ajili ya kikao cha video unakusaidia nini? Ulete mbele, nyuma ya skrini kidogo au kwenye kona ambayo jicho linaifikia bila kugeuza shingo.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ndo zito kuliko yote. Craig Knight na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha mwaka 2010 majaribio ambayo watu walifanya kazi kwenye ofisi tupu, wengine kwenye ofisi yenye mimea na picha zilizopangwa tayari, wengine wakapewa vitu hivyohivyo wavipange wenyewe. Waliopangiwa walifanya vizuri kuliko wa ofisi tupu, waliopanga wenyewe wakawapita wote. Kulikuwa na kundi la nne pia, hawa walipanga wenyewe, afu mtafiti akaingia akapangua mbele yao, na faida yote ikapotea. Vitu ni vilevile jamani! Kwa hiyo kunakili picha ya mtu kitu kwa kitu ni kujinyima ile sehemu inayofanya kazi. Na mnaoishi na mtu anayefanyia kazi nyumbani, tafadhali msimpangie meza yake mkidhani mnamsaidia, hata kama mnaona fujo.

Fujo yenyewe nina maoni yake, karatasi za kazi unayoifanya sasa hivi hazina shida, shida ni vitu vya kazi nyingine, nguo zinazosubiri pasi, bili, boksi ambalo hujalifungua. Vikiwa mbele ya macho vinakuita kila dakika. Hivyo ndo vipelekwe mgongoni. Chumba kikiwa na mwangwi weka zulia na pazia zito, nyaya zifunge chini ya meza, basi, hayo hayana mjadala.

Najua mtu ataniambia kwenye kikao cha video watu wanaona nyuma. Wanaona kipande kidogo tu, weka picha moja pale imetosha, na kinachokufanya uonekane vizuri ni mwanga kwenye uso wako kuliko chochote kilichoko nyuma.

Na kama ofisi yako ni kona ya chumba cha kulala, fanya hivihivi mara mbili, kaa kwenye kiti uangalie, afu lala kitandani uangalie. Ukiwa kazini usione kitanda, ukiwa kitandani usione meza. Ikishindikana kugeuza samani, tundika pazia la kuvuta katikati, na kitambaa chake uchague wewe.